Uko na hiki kirusi, na kilipatikana kwa taya la mtoto wa hapa kwetu

Shika shingo yako, hapo chini kidogo ya taya. Kwa damu inayopita hapo, ndani ya seli fulani ambazo kazi yake ni kukulinda, kuna kirusi kinaitwa Epstein-Barr. Sikutishi. Zaidi ya watu 9 kati ya 10 duniani wako nacho, na kikishaingia hakitoki mpaka siku unazikwa. Kinapitia mate. Nchi tajiri wengi hukipata wakiwa matineja, ndio maana huko ugonjwa wake unaitwa ugonjwa wa busu: koo inawasha, tezi zinavimba, unalala wiki mbili kama mtu amepigwa na gari. Sisi huku wengi tulikipata tukiwa wadogo kabisa, labda kwa kijiko cha ndugu yako, labda kwa nyanya aliyekutafunia chakula, na hatukuhisi kitu.

Hicho ndicho kirusi cha kwanza cha binadamu kujulikana kwamba kinaweza kuchangia kansa. Kilionekana mara ya kwanza chini ya hadubini London, Februari 1964. Ukitafuta kwa simu, hiyo London utaipata kwa sekunde mbili. Lakini ukirudi nyuma ya hiyo hadubini unapata Mulago, Jinja, Arua, barabara za vumbi za Tanganyika, wodi za Nairobi, na watoto ambao majina yao hayako kwa kitabu chochote cha shule. Nimekuwa na hii stori kichwani karibu mwaka mzima. Tunafunzwa ati sayansi kubwa inafanyika kwingine halafu inaletwa huku kwa kasha. Hii moja ilifanyika huku, matokeo yakaenda kwingine, na mimi naona bado tunadai.

Tuanze na msee mwenye jicho moja.

Denis Burkitt alizaliwa Ireland 1911. Akiwa na miaka 11 alirushiwa jiwe na watoto wenzake, likamtoa jicho. Bado akawa daktari mpasuaji. Vita ya pili ya dunia ilimleta Kenya na Somalia na jeshi la Uingereza, na vita ikiisha akaomba kazi Uganda, akaanzia Lira na baadaye akahamia Mulago, Kampala. Alikuwa mlokole wa kweli kweli, mtu wa kuamka na Biblia, na kwa picha anakaa kama mwalimu wa hesabu.

Mwaka wa 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita wodini amwangalie mvulana wa miaka 5. Uso wa huyu mtoto ulikuwa umevimba pande zote mbili, taya la juu na taya la chini. Hapo ndipo Burkitt alikwama. Jipu huwa mahali pamoja. Kansa ya mfupa huanza mahali pamoja. Hii ilikuwa kona nne za mdomo kwa wakati mmoja. Hakuwa na jibu. Alipiga picha, akaandika, maisha yakaendelea.

Wiki chache baadaye alikuwa hospitali ya Jinja, karibu kilomita 80 kutoka Kampala, anafanya kazi ya kawaida. Akaangalia nje ya dirisha akaona mtoto ameketi kwa nyasi na mamake. Uso ule ule. Alitoka mbio akamchunguza yule mtoto, akapata kwamba hata tumbo lilikuwa na uvimbe.

Mtu akiona kitu mara moja anasema ni ajabu. Akiona mara mbili, na ana akili, anaanza kuhesabu. Burkitt alirudi Mulago akafungua mafaili ya zamani. Watoto wenye taya lililovimba walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa pia na uvimbe kwa figo, ini, ovari. Madaktari tofauti walikuwa wameupa uvimbe huo majina tofauti kulingana na mahali walipoukuta. Aliyeona figo aliandika kansa ya figo, na aliyeona taya akaandika kansa ya taya. Burkitt akasema hapana, huu ni ugonjwa mmoja. Mwaka wa 1958 akachapisha makala yake kwenye jarida la wapasuaji la Uingereza, akieleza watoto 38. Hakuna aliyeshtuka. Wasomaji wa jarida hilo walikuwa Uingereza, ugonjwa ulikuwa Uganda.

Sehemu inayofuata ndiyo naipenda zaidi, kwa sababu haihitaji mashine yoyote.

Burkitt alitaka kujua ugonjwa unaishia wapi. Aliomba pesa ya utafiti akapewa pauni 25. Hiyo ndiyo bajeti. Alizitumia kuchapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wenye ule uvimbe na maswali machache, vikatumwa kwa madaktari zaidi ya elfu moja kote Afrika: umewahi kuona hii? Waliojibu ndiyo, aliwawekea alama kwa ramani iliyokuwa ukutani ofisini kwake. Ukanda ukaanza kujichora wenyewe, kutoka Afrika Magharibi mpaka Mashariki, ukipita ikweta katikati, halafu mkia unashuka pwani mpaka Msumbiji.

Swali likawa, kwa nini unaishia pale unapoishia? Alinunua gari, Ford ya 1954 iliyotumika, kwa pauni 250. Oktoba 1961 akaondoka Kampala na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson. Williams alikuwa daktari mmishonari kutoka hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, na alikuwa fundi mzuri wa magari, kitu ambacho kwa hizo barabara kilikuwa na maana kuliko digrii. Walienda wiki 10. Walipita Kenya, Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, Rhodesia mbili, Msumbiji, mpaka Afrika Kusini, karibu kilomita 16,000. Walisimama kwa hospitali zaidi ya 50, nyingi zikiwa za wamishonari mbali na mji wowote, wanatoa picha kwa bahasha na kuuliza swali lile lile. Safari nzima iligharimu pauni 678.

Fikiria hizo wodi kidogo. Huyu hakuja na maabara. Alikuja na picha. Kila mahali, mtu aliyeweza kumjibu ni yule aliyekuwa akishinda wodini: muuguzi, msaidizi wa daktari, mtunza rekodi. Stori ikisimuliwa leo wanatajwa Wazungu watatu kwa gari, na ni sawa, walienda. Lakini ramani ilijazwa na kumbukumbu za watu waliokuwa kwa hizo wodi kabla gari lifike na wakabaki likiondoka.

Walichorudi nacho ni hiki: huku kwetu karibu na ikweta, ukipanda zaidi ya mita 1,500 hivi juu ya bahari, ugonjwa unapotea. Ukienda kusini, mstari huo unashuka chini zaidi. Kumbe haikuwa urefu wa mlima wenyewe. Ni baridi. Pale ambapo usiku unakuwa baridi sana, au mvua ni kidogo sana, watoto hawaupati. Kwa hiyo Kisumu, iliyo mita 1,100 na kitu, iko ndani ya ukanda. Nairobi, mita 1,700 hivi, iko nje. Mtoto wa Nairobi aliyeonekana nao mara nyingi alikuwa ameletwa kutoka Nyanza au Pwani.

Joto, mvua, maji. Mwanasayansi wa virusi aliyekuwa Entebbe, Alexander Haddow, aliiangalia hiyo ramani akaona kitu alichokijua tayari. Ilifanana na ramani ya mbu.

Sasa tuhame London kidogo, lakini turudi nyuma miezi michache, kabla ya hiyo safari.

Machi 1961 Burkitt alikuwa likizo Uingereza akaalikwa kutoa mhadhara hospitali ya Middlesex. Kwa viti alikuwepo kijana anaitwa Anthony Epstein, ambaye kazi yake ilikuwa kirusi kinachosababisha kansa kwa kuku. Siku hizo ukisema binadamu naye anaweza kupata kansa inayotokana na kirusi, wengi walikuona kama umepotea. Epstein alimsikia Burkitt akisema kansa ya watoto inayofuata joto na mvua, na kabla hata mhadhara uishe alishajua anataka nini: vipande vya huo uvimbe.

Basi wakapanga. Mtoto akifanyiwa upasuaji Kampala, kipande kinawekwa kwa chupa, kinapelekwa Entebbe, kinapanda ndege ya usiku, asubuhi kiko London. Walifanya hivyo karibu miaka miwili bila kupata kitu. Epstein alijaribu kila mbinu aliyoijua. Hakuna kirusi. Pesa za Marekani zikamsaidia kuajiri watu wawili: Yvonne Barr, wa kukuza seli, na Bert Achong, wa hadubini ya elektroni.

Halafu mwanzo wa Disemba 1963, siku chache tu kabla bendera yetu ipandishwe Uhuru Gardens, kipande kutoka kwa taya la msichana wa miaka 9 kilipanda ndege. London ilikuwa na ukungu mzito. Ndege ikapelekwa Manchester. Ile chupa ikafika maabara ya Epstein mchana umeshaenda, na maji yake yalikuwa yamegeuka kuwa meupe kama maziwa. Mtu yeyote wa maabara angekuambia hiyo imeharibika, imeingiwa na bakteria, mwaga. Epstein aliweka tone chini ya hadubini ya kawaida kwanza. Hayakuwa bakteria. Zilikuwa seli za kansa zenyewe, nzima, zimetikisika kwa safari yote zikajitoa kwa nyama na sasa zinaelea. Alizikuza hivyo hivyo zikielea, na zikakubali. Kumbe seli za damu za aina hii hupenda kuelea. Lile cheleweshwa la Manchester lilifanya kazi ambayo miaka miwili ya akili haikufanya.

Februari 1964 wakaziweka kwa hadubini ya elektroni na kwa seli ya kwanza kabisa kulikuwa na kirusi. Epstein alisimulia baadaye kwamba aliogopa mwale wa mashine utakichoma, akazima, akatoka nje akazunguka mtaa kwa theluji mpaka atulie, ndiyo akarudi kuangalia tena. Makala ilitoka kwenye jarida la Lancet mwisho wa Machi. Waandishi watatu: Epstein, Achong, Barr. Kirusi kikaitwa Epstein-Barr. Angalia vizuri. Achong, mtu kutoka Trinidad aliyefanya kazi ya ile hadubini, ni wa pili kwa makala na hayuko kwa jina. Maelezo rasmi ni kwamba jina lilitokana na ule ukoo wa seli, ambao ulikuwa umeitwa EB. Sawa. Ni maelezo. Mimi nimeyasoma na bado nasema Achong.

Kuhusu lile busu: miaka michache baadaye maabara ya Werner na Gertrude Henle kule Philadelphia ilikuwa inapima damu za watu kutafuta nani amewahi kukutana na hiki kirusi, na walipata karibu kila mtu. Fundi mmoja wa hiyo maabara alikuwa kati ya wachache ambao hawakuwa nacho. Akaugua koo na tezi, akarudi kazini, akapimwa, sasa anacho. Ndivyo ugonjwa wa busu ulivyopata mwenyewe. Maabara ilijitengenezea ushahidi kwa damu ya mfanyakazi wake.

Turudi nyumbani, kwa sababu kuna mambo mawili makubwa yaliyofanyika huku na yanarukwa.

La kwanza ni dawa. Miaka hiyo ya mwanzo wa 60, mashine ya mionzi ya kutibu kansa haikuwepo Uganda wala Kenya. Upasuaji wa taya uliacha mtoto bila uso na uvimbe ulirudi. Kilichobaki ni dawa za kemo, ambazo wakati huo madaktari wengi wakubwa duniani hawakuziamini. Walisema zinaongeza miezi tu. Wataalamu kutoka New York walileta methotrexate, Burkitt akaanza kuitumia Kampala. Nairobi, mpasuaji wa masikio na koo anaitwa Peter Clifford, akifanya kazi na Herbert Oettgen, akawa anajaribu dawa kadhaa, cyclophosphamide ikiwemo. Uvimbe ukayeyuka. Si kwa mfano wa maneno, unaweza kuona kwa picha, mtoto amefungwa jicho na nyama na baada ya wiki chache ana uso. Wengine walipewa dozi moja au mbili tu, kwa sababu dawa ilikuwa kidogo au familia ilirudi nyumbani, na miaka baadaye wakapatikana wakiwa hai. Mwaka wa 1967 Burkitt alichapisha makala kuhusu hao tu, wa dozi moja na mbili.

Hiyo ilikuwa kati ya kansa za kwanza kabisa ulimwenguni kuonekana zikipona kwa dawa peke yake. Mtoto wa Boston anayepewa kemo leo anapona kwa mantiki ambayo sehemu yake ilithibitishwa Kampala na Nairobi, kwa sababu tulikosa mashine.

Mwaka huo huo wa 1967 Mulago ikapata kituo chake cha kutibu lymphoma, kwa pesa za Marekani, kikiongozwa na daktari kijana Mmarekani, John Ziegler. Ndicho kikawa Uganda Cancer Institute. Amin alipochafua nchi na wageni wakaondoka, Charles Olweny, Mganda, ndiye aliyebaki na funguo. Na hata kwa hiyo miaka, kule West Nile, utafiti ulioongozwa na Guy de-Thé ulikuwa unachukua damu ya watoto zaidi ya 40,000, kisha wanasubiri waone ni nani ataugua. Chapisho lilitoka 1978: watoto waliougua walikuwa tayari na alama za juu za hiki kirusi kwa damu yao kabla ya uvimbe. Elfu arobaini. Akina mama elfu arobaini waliokubali sindano iingie kwa mkono wa mtoto mzima asiyeumwa.

La pili ni Daudi.

Kila mtu kwa mtandao anamjua Henrietta Lacks, yule mama mweusi wa Baltimore ambaye seli zake zilichukuliwa 1951 na bado zinakuzwa. Familia yake ilishtaki kampuni moja kubwa, wakaelewana 2023. Ni vizuri. Lakini fungua katalogi ya maduka yanayouza seli kwa maabara uandike Daudi. Utapata ukoo wa seli za Burkitt, zilizotokana na kijana Mwafrika wa miaka 16, mwaka wa 1967. Andika Namalwa. Utapata ukoo mwingine, wa binti Mwafrika. Andika Raji, utapata wa mtoto wa Nigeria, 1963. Hayo ni majina ya watu. Daudi, ukiliita kwa matatu ya Githurai, watu watatu watageuka.

Seli za Namalwa zilikuzwa na kampuni ya Wellcome ya Uingereza kwa matangi ya maelfu ya lita ili kutengeneza interferon, dawa iliyouzwa kwa hospitali. Za Daudi zimetumika kupima dawa za kansa za damu kwa miongo. Wakati huu unasoma kuna maabara mahali fulani zimo kwa kabati la joto zikigawanyika. Maelezo ya Daudi kwa katalogi ni mafupi: jinsia, umri, mahali uvimbe ulitolewa. Halafu bei.

Sisemi Burkitt alikuwa mwizi, na sitaki komenti za hivyo. Hizo ndizo sheria za wakati ule, hata London mgonjwa hakuulizwa. Ninachosema ni kwamba thamani ikitoka mahali, mahali hapo pana haki ya kuuliza ilienda wapi. Na jibu la kweli liko kwa takwimu moja ambayo hunichoma: kwa nchi tajiri, watoto 9 kati ya 10 wenye Burkitt wanapona. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, mara nyingi hata nusu hawafiki.

Ushago kwetu, upande wa mathe, ni Siaya. Nikiwa form two kulikuwa na mtoto wa jirani, miaka 6 au 7, aliyeanza kusema meno yanacheza. Si ya kung'oka, ni ya nyuma, ya kutafunia. Wakampeleka kliniki, meno mawili yaking'olewa, akapewa dawa ya maumivu. Baada ya siku kadhaa shavu likajaa, akarudishwa, jino lingine likang'olewa. Halafu ikawa maombi, kisha dawa ya miti. Alipofika Kisumu hospitali kubwa, ile wazee huita Russia, tumbo lilikuwa limeanza kuvimba na nauli ilikuwa imeshakopwa mara tatu. Alizikwa Disemba, sisi wa Nairobi tukiwa tumefika Krismasi. Watu matangani walisema ni jino. Nimeishi na hilo neno, jino, mpaka nilipoanza kusoma haya mambo.

Kwa sababu ndivyo ugonjwa huu unavyoanza, mara nyingi. Meno ya nyuma yanalegea kwa mtoto ambaye hajafika umri wa hayo meno kutoka. Na una kasi kuliko karibu kansa yoyote ya binadamu. Uvimbe unaweza kuwa mara mbili kwa siku moja au mbili. Wiki tatu za kung'oa meno si wiki tatu kama za ugonjwa mwingine. Ukiwa na mdogo wako ushago na unasoma hii, hiyo sentensi ya meno ndiyo ya kukopi na kutuma kwa grupu ya familia, mengine yote ni historia.

Na wale mbu wa Haddow? Mwanzo walidhani mbu ndio wanabeba kirusi. Hapana, kirusi ni mate. Mbu wanabeba malaria. Mtoto anayepigwa na malaria tena na tena, seli zake za ulinzi zinalazimika kuzaana kwa fujo. Epstein-Barr iko ndani ya baadhi ya hizo seli, inazizuia zisife zinapopaswa kufa. Kwa huo msongamano, siku moja seli moja inakosea kunakili, kipande cha kromosomu ya 8 kinaruka kwa nyingine, sanasana ya 14, na jeni inayoitwa MYC inabaki kama eksileta imekwama chini. Ndio maana wewe na mimi tuko na kirusi na hatuna uvimbe, na ndio maana Nairobi iko nje ya ukanda. Baridi yetu inapunguza mbu wa malaria.

Hiyo inamaanisha kila chandarua kule Homa Bay ni dawa ya kansa pia, hata kama hakuna mtu anaiita hivyo. Septemba 2019 Kenya ilianza kutoa chanjo ya malaria kwa watoto wa kanda ya Ziwa, na huko Homa Bay ndiko ilizinduliwa. Mimi nasubiri kuona rejista za Burkitt za hao watoto wakifika miaka 7, 8. Kama ramani ya Burkitt ni ya kweli, ukanda unapaswa kuanza kukonda.

Burkitt mwenyewe alirudi Uingereza katikati ya miaka ya 60 na akawa maarufu kwa kitu tofauti kabisa: alizunguka akiwaambia Wazungu wale vyakula vya maganda na nyuzinyuzi kama watu aliowaona Uganda, na alikuwa anapima kinyesi cha watu, sitanii, kwa uzito na kwa saa. Alikufa 1993. Achong alikufa 1996, Barr 2016. Epstein aliishi mpaka Februari 2024, akiwa na miaka 102, akakuta utafiti wa 2022 uliofuata wanajeshi zaidi ya milioni 10 wa Marekani ukionyesha kirusi chake kinahusika hata na ugonjwa wa neva unaoitwa multiple sclerosis. Baada ya hapo kampuni kubwa zikaongeza mbio za kutafuta chanjo ya Epstein-Barr. Huo ugonjwa wa neva unawapata sana watu wa nchi za baridi.

Kwa upande wa Burkitt, cyclophosphamide, ile ile iliyotumika Nairobi miaka ya 60, iko kwa orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na ukisoma ni ya kutibu nini, Burkitt imeandikwa kwa jina. Haina hati miliki tena, kiwanda chochote kinaweza kuitengeneza. Kutoka Siaya mjini mpaka Russia ni kilomita 70 hivi za lami.